Nilikimbia Kitui Mpaka Mwanangu Akalia

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena. Naomba ruhusa ya Pasta nishuhudie nikiwa nimeketi, kwa sababu magoti haya bado hayajanisamehe. Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Mama Kyalo, yule wa ndengu na mbaazi pale soko la Kathonzweni. Kwa ndugu waliotoka Kibwezi na Emali kuja kushirikiana nasi leo, karibuni, na mnivumilie. Sina sauti ya kuhubiri. Nitasema tu yale Mungu alinitendea.

Nianze na mume wangu Muthama, kwa sababu bila yeye hakuna ushuhuda. Alikuwa ananunua ndengu kwa wakulima na kuzipeleka Emali kwa pikipiki. Asubuhi moja alitoka akilalamika kwamba chai haina sukari, nami nikamjibu kwamba sukari haioti nyuma ya nyumba. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoambiana. Jioni hiyo walikuja kuniambia lori limemgonga pale njia panda ya Emali.

Tulimzika nyumbani. Kaburi lilipofunikwa, kaka yake mkubwa, shemeji yangu, aliingia ndani akatoka na kigoda cha marehemu, kile cha miguu mitatu. Kwetu Ukambani mtoto hakalii kigoda cha baba yake, hata kama baba hayupo. Mnajua hivyo. Lakini siku hiyo shemeji alikiweka mbele ya watu wote, akamshika mwanangu Kyalo mkono, akamkalisha juu yake. Kyalo alikuwa darasa la tano. Shemeji akamwambia, "Kuanzia leo wewe ndiye mwanamume wa hii boma. Mama yako na dada yako wako mikononi mwako. Mwanamume halii. Umesikia?"

Kyalo akasema, "Nimesikia." Akafuta macho kwa mkono wa shati, na watu wakapiga makofi. Simlaumu shemeji. Alifanya yale aliyofanyiwa yeye mwenyewe akiwa mdogo, na aliyafanya kwa upendo, huku yeye mwenyewe akitetemeka midomo. Hata mimi siku ile niliona vizuri. Nilikuwa mjane asiyejua kesho ataamka kwa nguvu gani, nikaona angalau kuna mtu wa kusimama nami.

Na ndugu zangu, yule mtoto alisimama kweli. Alikuwa akitoka mapema na punda kwenda mtoni, anafukua mchanga mpaka maji yatoke, anajaza mitungi, anarudi kabla ya shule. Jioni yeye ndiye alifunga mlango na kuujaribu tena kama umefungika. Tukipika nyama, alimwekea dada yake Ndinda vipande vyake na kusema ameshiba. Mpira wake aliwapa watoto wa majirani. Nikimuuliza kama ana shida yoyote, alinijibu, "Usijali, Mama." Kila mtu alimsifu. Walimu walimsifu, akina mama sokoni walimsifu, hata hapa kanisani alisifiwa mbele ya watoto wengine ili wamuige. Mimi nami nilisifiwa kwa kulea vizuri, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilizipokea zile sifa bila kuuliza zimetoka wapi.

Uchovu wa msiba si kama uchovu wa jembe. Uchovu wa jembe unalala nao, unaamka umeuacha kitandani. Huu nilikuwa naamka nao. Nilipima ndengu nikiwa nimechoka, nikaimba kwaya nikiwa nimechoka, na hata kuomba niliomba nusu nikaishia hapo. Mungu anisamehe, kuna siku nilisema "Baba yetu" na nikashindwa kuendelea, nikakaa tu.

Halafu Kyalo akaanza kuumwa na tumbo. Hospitali wakapima hili na lile, wakasema hawaoni kitu. Tukaenda nyingine, hawaoni kitu. Dada wa maombi wakaja nyumbani wakamwekea mikono. Mtoto akasema "Amina" pale panapofaa, kisha akawashukuru kwa kuja na kuwasindikiza mpaka njiani, akiwauliza habari za mashamba yao. Wale dada waliondoka wakicheka kwa furaha. Mimi nilibaki mlangoni na moyo ukanishuka, kwa sababu vile alivyotembea nao, mikono nyuma, alikuwa ni Muthama mtupu.

Siku niliyoelewa kwamba mtoto wangu anaangamia ilikuwa siku ya soko. Nilirudi mapema nikiumwa na kichwa, nikakuta mlango wazi. Ndinda alikuwa sakafuni, amekumbatia shati la baba yake, analia kwa kwikwi. Kyalo alikuwa amekaa kwenye kile kigoda, mgongo wima. Alikuwa akimwambia dada yake kwa sauti nzito, ya kulazimishwa, "Katika nyumba hii hatulii. Nyamaza. Mama akikuta unalia atakufa."

Nilisimama pale na mzigo kichwani. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mimi nitakufa akilia. Alijiambia mwenyewe. Alikuwa ameibeba hiyo kazi peke yake muda wote ule, ya kunizuia nisife.

Nilimwendea Mwalimu Syokau, huyu mama yetu aliyeketi hapa mbele. Wageni wajue kwamba alistaafu kufundisha, na badala ya kupumzika alianzisha kikundi cha watoto waliofiwa, Jumamosi, kwenye chumba cha Sunday school. Pale watoto wanachora, wanapika chakula alichokipenda marehemu, wanamtaja kwa jina. Kuna mshauri alikuwa anatoka mji wa Wote kuja kukaa nao. Mwalimu alinisikiliza, akaniambia, "Mlete. Lakini usimwambie afanye lolote. Akae tu."

Nikampeleka. Na mnajua alikaa wapi? Alimwingiza Ndinda kati ya watoto, akamweka vizuri, kisha akaja kuketi nasi akina mama kwenye benchi la nyuma. Alikuja kama mzazi. Jumamosi baada ya Jumamosi alikaa na sisi, mikono magotini, akisubiri watoto wamalize. Mshauri hakumsukuma. Alisema mlango utafunguka wenyewe, ila inahitaji muda. Na kweli siku moja niliona Kyalo amegeuza kichwa, anasikiliza msichana mmoja akisimulia vile mama yake alivyokuwa akipika githeri. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikasema moyoni, Bwana, hapa pana kitu.

Ndipo Mwalimu akasimama kanisani kutangaza kwamba mfadhili aliyekuwa akiwasaidia ameacha. Nauli ya mshauri hakuna, unga wa uji hakuna, na kikundi kitafungwa mwisho wa muhula. Akasema makanisa ya Kitui na Makueni yamekubaliana kuandaa maratoni kule Kitui mjini. Kila anayekimbia anatafuta watu wa kumwahidi kitu akimaliza, na ahadi zote ziende kwa vikundi vya hawa watoto. Vijana wakajiandikisha mbio fupi. Pasta akauliza, nani wa ile ndefu, ile ya kilomita arobaini na kitu? Hakuna mkono ulioinuka. Mnakumbuka. Sisi Wakamba tunajulikana kwa kuchonga vinyago na kuruka ngoma, mbio tuliwaachia watu wa Bonde la Ufa zamani.

Mimi niliinua mkono. Msidhani ni imani kubwa. Nilikuwa na hasira. Niliona ule mlango wa mtoto wangu umeanza kufunguka kidogo, na sasa unataka kufungwa kwa sababu ya unga wa uji.

Basi nikaanza mazoezi. Ndugu zangu, kwetu mama mzima hakimbii bure. Akionekana anakimbia, ujue anapeleka habari ya msiba au ameona nyoka. Asubuhi ya kwanza nilipita kwa jirani yangu Mama Mbithe nikiwa na raba na sketi ndefu, nikihema. Alitoka nje mikono kichwani.

"Mama Kyalo! Ni nani tena?"

"Hakuna mtu. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

Aliniangalia juu mpaka chini, akarudi ndani. Kufika saa nne soko zima lilikuwa limesikia kwamba ujane umenipanda kichwani. Lakini yeye huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuahidi. Akasema, "Ukimaliza, jogoo wangu ni wa hao watoto. Usipomaliza, jogoo anabaki kwangu anawika." Wengine wakaahidi ndengu, wengine ubuyu wa kupika peremende, wengine vikapu. Shemeji yangu alisema ni aibu mwanamke wa ukoo wao kuonekana barabarani anatimua mbio. Kisha akaahidi mbuzi, kwa sababu alikuwa na hakika mbuzi huyo hatoki.

Kyalo hakufurahi hata kidogo. Aliniuliza, "Mama, ukianguka huko, mimi na Ndinda?" Nikamwambia sitaanguka. Akafikiri, akasema, "Basi nitakuja nikuchunge." Mtoto wa kunichunga mimi. Nilikuwa nikikimbia nyuma ya punda wake mpaka mtoni, na kila nikipunguza mwendo aligeuka kuona kama niko hai.

Siku ya mbio tulikusanyika Kitui, tukaombewa, tukaachiliwa. Wale vijana wenye miguu mirefu sikuwaona tena mpaka leo. Nilikimbia na akina mama wawili wa Kitui, tukiongea habari za bei ya mbaazi, kisha wakanitangulia, kisha nikabaki mimi na barabara. Jua likapanda. Mnajua jua la kwetu, halina mzaha na mtu. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia kidogo, nikatembea sana. Niliomba, na safari hii hata nusu ya maombi haikutoka. Nilisema tu, "Bwana, unaona." Sikuwa na lingine.

Nilikuwa nimeshageuka kurudi mjini, nimepita zaidi ya nusu, niliposikia gari nyuma yangu likitembea polepole. Lilikuwa gari la kuokota waliochoka. Dereva, baba mmoja wa kanisa la huko, akateremsha kioo.

"Mama, panda. Umejaribu."

"Bado."

"Mama, huko mbele kila mtu ameshafika."

"Najua. Bado."

Akanifuata tu. Mbele kidogo, penye kivuli cha mgunga, ndipo wale watoto wa kikundi chetu walikuwa wamewekwa na Mwalimu kugawa maji. Nilipofika pale miguu ilikataa. Nilikaa chini kwenye vumbi, si kwa kutaka.

Kyalo alikuja na kikombe. Alikuwa na ile sura yake ya mzee. Akanipa maji, akalitazama gari, akasema, "Mama, panda gari. Nimeamua."

Ndugu zangu, neno hilo liliniingia. Nimeamua. Nilimtazama mtoto wangu, shingo yake nyembamba, kola imemzidi, na kitu ndani yangu kikakatika. Nikaanza kulia. Si kulia kwa kufuta na leso. Nililia kwa sauti, barabarani, mbele ya dereva na watoto wa watu. Tangu msiba nilikuwa najificha nyuma ya choo nikitaka kulia. Siku hiyo sikujificha.

Akaogopa. Akainama akanishika bega. "Mama usilie. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Nimemkumbuka baba yako, Kyalo. Nimemkumbuka na nimechoka."

"Basi nyamaza. Tutaenda nyumbani."

"Sinyamazi. Nitalia mpaka nimalize, halafu nitainuka. Sifi. Unaniona nikifa?"

Alinikagua. Nawaambia ukweli, alinikagua uso kama daktari. Kisha midomo yake ikaanza kutetemeka, akajikaza, ikatetemeka tena. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana, sauti yake mwenyewe ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuzike, "Nikilia mimi, nani atafunga mlango?"

Nikamwambia, "Mimi. Mlango ni wangu. Mimi ndiye mama."

Hapo ndipo Mungu alipomfungua mwanangu. Alikaa chini kwenye vumbi karibu nami, akafungua mdomo akalia kama mtoto mchanga, mdomo wazi, kamasi zikitoka, bila haya yoyote. "Nataka Baba," alisema. "Nataka Baba. Nataka Baba." Hata mimi namtaka, ndugu zangu. Nilimkumbatia tu. Akina mama waliokuwa pale walianza kuja wakisema pole, nyamazeni, nyamazeni. Mwalimu Syokau akawanyooshea mkono wakasimama. Dereva alizima gari, akashuka, akavua kofia yake.

Sijui tulilia kwa muda gani. Nilichojua ni kwamba tulipomaliza, Kyalo alikuwa mzito mikononi mwangu, analegea. Nilimuuliza, unataka nini sasa? Akasema anataka kulala. Yule aliyeniamuru nipande gari, alipanda yeye. Dereva akamlaza kiti cha nyuma na kumfunika koti lake, na mtoto alikuwa amelala kabla mlango haujafungwa. Hakuuliza mimi nitafikaje. Hakugeuka kuniangalia. Nilisimama nikashukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa lingine lolote siku ile.

Nami nikainuka, nikaenda. Nilitembea, sikukimbia, na nisiwadanganye. Nilipofika mjini walikuwa wameshakunja turubai na mtu wa vipaza sauti anakusanya nyaya. Aliponiona aliziweka chini, akanipigia makofi peke yake.

Mama Mbithe alileta mzozo, akasema kutembea si kukimbia na jogoo wake hahusiki. Soko zima likamcheka mpaka akamleta jogoo mwenyewe, amefungwa miguu, akitaniwa na watoto kwa unono wake. Yule jogoo alipigwa mnada hapa hapa mlangoni pa kanisa. Shemeji alileta mbuzi. Alimkabidhi Mwalimu kamba, akasimama kando akiangalia watoto wakichora, kisha akauliza kwa upole kama mtu aliyekalishwa kigoda miaka mingi iliyopita anaweza naye kuja Jumamosi. Mwalimu akamwambia benchi liko. Amekuwa akija. Kikundi hakikufungwa, na mshauri bado anatoka Wote.

Sasa msiondoke hapa mkisema Mama Kyalo amepona uchovu. Hapana. Bado nachoka. Muthama bado hayupo, na Jumapili kama leo ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu yeye ndiye alikuwa akinibebea Biblia. Lakini nachoka kama mtu, sichoki tena kama mfu. Naomba mpaka mwisho wa maombi. Mtoto wangu haumwi tena na tumbo. Jumamosi anakaa na watoto wenzake, na siku akimkumbuka baba yake analia, anamaliza, anaomba chakula. Ni maajabu. Kwangu hayo ni maajabu kabisa.

Kama kuna mtu hapa ana mtoto wa msiba nyumbani, wako au wa ndugu yako, na kila mtu anamsifu kwamba amekomaa, naomba umwangalie tena. Mlete kwa Mwalimu. Na kama wewe mwenyewe ndiye uliyechoka, hata maombi yamekukwama kooni, usingoje upate nguvu ndipo umwendee Yesu. Mimi nilimwendea nikiwa nimekaa kwenye vumbi, na alinipokea hapo hapo.

Nimalizie. Nasikia huko nje watoto wanapiga kelele za mpira tangu nianze kuongea, na sasa umegonga ukuta wa kanisa. Namwona mzee wetu wa zamu ameinuka kwenda kuwanyamazisha. Mzee, nakuheshimu sana, lakini naomba ukae chini. Huyo anayepiga kelele kushinda wote ni Kyalo. Mwache, Mzee. Leo mwache apige kelele.